Kutoka Olorgesailie hadi Eburru: siku tano nyuma ya jiwe jeusi

Siku ya kwanza, Jumanne

Tumeondoka Juja saa kumi na moja alfajiri, mimi na Baba, kwa gari dogo la kuazima. Nyuma tumepakia maji, mkate, sufuria moja na blanketi mbili. Baba ana miaka 73. Miaka 40 kati ya hiyo aliimaliza kwenye matimbo ya Ndarugu, akipasua mawe ya kujengea kwa nyundo, kabari na tindo, kabla mashine za kukata hazijaingia. Ukipita Ruiru au Thika ukaona nyumba ya zamani ya mawe ya kijivu, huenda mkono wake umepita pale.

Mwezi uliopita, tukinywa chai, nilimwambia kwamba zana za mawe kongwe kuliko zote zilizowahi kupatikana duniani zilipatikana hapa kwetu Kenya, mahali panapoitwa Lomekwi, magharibi mwa Ziwa Turkana, na kwamba zina umri wa miaka milioni 3.3. Nilitarajia ashangazwe na hiyo hesabu. Alikaa kimya akizungusha kikombe, halafu akauliza, "Na hilo jiwe walilitoa wapi?"

Nimesoma habari za akiolojia tangu nikiwa shuleni na sijawahi kuanza na swali hilo. Mtu wa timbo huanza nalo. Turkana ni mbali kwa magoti yake, basi nikapanga safari ya karibu: Olorgesailie, Naivasha, Eburru, Kariandusi na Nakuru, yote ndani ya Bonde la Ufa.

Barabara ya Magadi ukishapita Kiserian hupanda kidogo, upepo wa Kona Baridi unakupiga usoni, kisha ardhi inaporomoka mbele yako na bonde lote liko chini. Kila kilomita tuliyoshuka tulivua nguo moja. Saa nne tulikuwa Olorgesailie, karibu kilomita 70 kutoka Nairobi, joto limeshika, mbuzi wamejibanza chini ya migunga.

Aliyetupokea ni kijana wa Kimaasai anayeongoza wageni. "Karibu, Mzee. Habari ya safari?"

"Njema, kijana wangu. Nionyeshe mawe."

Udongo wa hapa ni mweupe kama chaki. Ni daiatomaiti, mabaki ya viumbe vidogo mno vya majini vyenye magamba ya silika (madini ya mchanga na kioo), vilivyotulia kwenye sakafu ya ziwa lililokuwapo hapa na kukauka mara nyingi. Juu ya weupe huo pamejengwa njia ya mbao iliyoinuliwa, na chini ya mbao hizo yamelala mashoka ya mkono, mamia kwa mamia, mahali pale pale yalipofukuliwa. Mwanajiolojia J. W. Gregory aliona zana hapa 1919, lakini kazi kubwa ilianza baada ya wanaakiolojia Louis na Mary Leakey kufika 1942. Vita vya Pili vya Dunia vilikuwa vimepamba moto, na miongoni mwa waliochimba walikuwamo wafungwa wa kivita Waitaliano. Akina Leakey waliamua sehemu hii iachwe ilivyo ili watu waje waione, na nawashukuru kwa uamuzi huo kuliko kwa mengine yote. Jiwe likiwekwa kabatini unaliona umbo lake. Hapa unayaona yalivyosongamana, mengine makubwa kama kiganja cha jitu, na unaelewa kwamba mahali hapa palikuwa na shughuli.

Nieleze shoka la mkono ni nini kwa ambaye hajaliona. Halina mpini. Ni jiwe lililochongwa pande zote mbili mpaka likapata umbo la embe, pana chini, ncha juu, na ukingo mkali ukizunguka. Hapa Olorgesailie watu walitengeneza mashoka ya namna hii tangu miaka milioni 1.2 iliyopita hadi karibu 500,000 iliyopita. Umbo lile lile, kizazi baada ya kizazi, kwa muda ambao hata kuuwaza ni kazi.

Baba alipiga magoti kwenye mbao akainama kwa muda mrefu. Nilidhani magoti yamemkamata. Aliponyanyuka alisema, "Haya yote ni jiwe la karibu. Mtu habebi mzigo namna hii kutoka mbali halafu anautupa."

Kijana alicheka kwa furaha, akanyoosha mkono kuelekea kusini, ulipo Mlima Olorgesailie. Watafiti wamepima: karibu mawe yote ya mashoka haya ni lava kutoka umbali usiozidi kilomita 5. Timbo lao liko pale, linaonekana kwa macho.

Alasiri kijana alituonyesha jinsi ya kuchonga, pembeni kabisa mwa eneo, kwa jiwe aliloliweka kwa kazi hiyo. Baba aliliomba kwanza. Akalining'iniza kwa vidole viwili, akaligonga kwa kijiwe kingine karibu na sikio lake zuri. "Jiwe zima hulia," akasema. "Lenye ufa hunung'unika. Hili ni zima." Nimemsikia akisema hivyo tangu nikiwa mtoto, nikimpelekea chakula timboni. Kijana akapiga. Pigo haliendi katikati ya jiwe. Linaenda ukingoni, mahali ambapo pembe ni chini ya nyuzi 90, na kibanzi kinadondoka kutoka upande wa chini ambao hauuoni. Baba aliitikia kwa kichwa. Tindo nayo hushikwa hivyo hivyo.

Kabla ya giza tuliona mfupa wa mguu wa tembo wa kale, jamii iliyokwisha kutoweka, mkubwa kiasi cha kumfanya Baba ausimamie kando na kujipima nao. Kuna sehemu nyingine hapa palipofukuliwa mashoka kwa mamia pamoja na mifupa ya makumi ya nyani wakubwa wa jamii ya gelada. Tumelala kwenye banda la wageni. Fisi wamelia kwa mbali.

Siku ya pili, Jumatano

Tulianza saa kumi na mbili na nusu, kabla jua halijakasirika. Leo ndipo swali la Baba lilipoanza kuuma.

Baada ya miaka 500,000 iliyopita, tabaka za udongo hapa zimekatika, mmomonyoko ulizifagia. Zinaporudi, kwenye karibu miaka 320,000 iliyopita, mashoka makubwa hayapo tena. Badala yake kuna zana ndogo, nyepesi, zilizotokana na kiini, yaani jiwe linalobanduliwa vibanzi, kilichoandaliwa kwanza kwa mapigo kadhaa ili kibanzi kimoja kitoke na umbo lililokusudiwa. Nyingine zina ncha zinazofaa kufungwa kwenye mti. Hizo ndizo Zama za Mawe za Kati, na tarehe za hapa, zilizotangazwa 2018 na watafiti wa taasisi ya Smithsonian ya Marekani na Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya, ni miongoni mwa za kale zaidi zinazojulikana popote. Tabianchi ilikuwa imeyumba vibaya, mvua na ukame vikipokezana, na wanyama wengi wakubwa wa malisho walikuwa wametoweka. Watu walibadilika au walibadilishwa.

Ndani ya jengo dogo la makumbusho kulikuwa na kipande cheusi, hakizidi ukucha wa kidole gumba. Kinang'aa kama lami mbichi. Obsidiani: kioo cha volkeno, lava yenye silika nyingi iliyopoa upesi mno hata chembe za madini zikakosa nafasi ya kujiunda. Ukiipiga inapasuka kwa mikunjo kama ya kombe la baharini, na ukingo wake ni mkali kuliko wembe.

Baba alikitazama, akatazama mlima nje ya dirisha, akakitazama tena. "Hiki si cha hapa. Kimetoka timbo gani?"

Na hapa ndipo kijana alipotupa jibu ambalo limenikaa kichwani mchana kutwa. Obsidiani ya kila mlima ina viwango vyake vya elementi kama zirkoni na rubidi, na viwango hivyo havifanani na vya mlima mwingine. Unaipiga miale ya eksirei, unasoma, unajua imetoka wapi. Obsidiani ya Olorgesailie ya wakati ule ilitoka umbali wa kati ya kilomita 25 na 95, kutoka pande tofauti. Na haikuja tu ikiwa zana zilizokamilika, maana vibanzi vya kuchongea vipo hapa hapa. Ilifika ghafi, ikachongwa.

Watu wale wale walikuwa na mawe ya rangi pia, jeusi la manganizi na jekundu la chuma, mengine yakiwa na alama za kusagwa. Sijui kama kuna kitu kinachonigusa zaidi ya hicho. Mtu wa miaka 300,000 iliyopita anakwangua unga mwekundu.

Kilomita 95 si suala la miguu tu. Ardhi yenyewe ina makorongo, simba, na watu wengine wenye maeneo yao. Watafiti wengi wanaona hapa dalili za makundi yaliyojuana na kubadilishana vitu. Baba aliipima kwa kipimo chake: "Mwaka wa 1975 tukipeleka mawe Nairobi kwa lori, tuliona tumefika mbali." Juja hadi Nairobi ni kilomita 35 hivi.

Mchana joto lilitushinda. Tumeshinda kivulini, Baba akimweleza kijana kabari inavyowekwa kwenye jiwe, kijana akimweleza Baba habari za nyani.

Siku ya tatu, Alhamisi

Siku ya barabara. Tumerudi Ngong, tukapita Kikuyu, tukashuka ukingo wa bonde kwa barabara ya chini kuelekea Mai Mahiu. Gurudumu limetoboka mara moja, Baba amekaa juu ya jiwe akiniangalia nikilibadilisha bila kusema neno, nami nimemshukuru kwa hilo.

Chini ya mteremko tulisimama kwenye kile kikanisa kidogo kilichojengwa na wafungwa Waitaliano 1942, walipokuwa wakitengeneza barabara hii. Baba amepita hapa mara nyingi maishani bila kushuka. Leo aliingia, akapitisha kiganja kwenye kuta, akahesabu kozi za mawe kwa midomo. Mwaka ule ule wenzao walikuwa Olorgesailie wakifukua mashoka. Sijui kama waliwahi kukutana, ila Baba aliwaza kwa sauti kwamba mtu aliyefunzwa kujenga kwa jiwe akipewa kazi ya kufukua jiwe, mkono wake hautakosea sana. Hapo nikamwambia habari za Heslon Mukiri, Mkenya aliyefanya kazi ya kuchimba na akina Leakey kwa miongo. Aliniomba nilitaje jina hilo mara ya pili, taratibu, ili alishike.

Alasiri tuliingia Hell's Gate. Hatukushuka korongoni, magoti. Lakini hata juu, kwenye njia, obsidiani ipo: michirizi myeusi ndani ya majabali, na vipande vilivyotawanyika kandokando vikimeta jua likivipiga. Hapa ni hifadhi ya taifa, huokoti kitu. Mbele kidogo mabomba ya mvuke ya Olkaria yanapanda na kushuka vilima kama nyoka wa fedha. Umeme wa mvuke ulianza kuzalishwa hapa 1981. Moto ule ule wa chini uliopika kioo hiki ndio unaowasha taa za Nairobi.

Obsidiani ya mabonde haya ya Naivasha ilisafiri sana. Kwenye pango la Mumba, karibu na Ziwa Eyasi nchini Tanzania, kumepatikana vipande vya Zama za Mawe za Kati vilivyotoka hapa, umbali wa karibu kilomita 300. Nilimwonyesha Baba kwenye ramani ya simu. Alishika simu kwa mikono miwili akaisogeza macho, akafuata kwa kidole kutoka Naivasha kupita Narok, Loliondo, Ngorongoro, mpaka Eyasi. Kisha akanirudishia simu na kusema tutafute chakula.

Tumekula samaki wa ziwa na ugali Naivasha. Baba amelala mapema.

Siku ya nne, Ijumaa

Leo Eburru. Nataka kuandika leo kuliko siku zote.

Barabara inapanda kutoka upande wa ziwa, vumbi jekundu, halafu mashamba ya viazi na mahindi, halafu baridi. Mlima huu ni volkeno, na bado unapumua: kando ya njia na katikati ya mashamba mvuke unatoka ardhini. Watu wa hapa hawana mito, basi wameutega mvuke. Bomba linawekwa juu ya tundu, mvuke unapita ndani unapoa, unakuwa maji, matone yanaangukia mtungi. Tulikaribishwa kuonja. Ni maji safi, yenye uvuguvugu, hayana ladha. Mtungi wa lita 20 ulikuwa umejaa nusu, nao uliwekwa tangu jioni.

Mwenyeji wetu ni mama mwenye shamba la viazi kwenye mteremko, tulielekezwa kwake dukani. Nilimweleza tunatafuta jiwe jeusi linalong'aa.

"Chupa?" akauliza. "Baba, chupa ziko kila mahali hapa. Watoto wanakatwa nyayo wakati wa palizi."

Alitutangulia na jembe begani. Tulipita ua wa mikaratusi, tukapanda dakika 20, Baba akisimama kila mara kuvuta pumzi na kukataa mkono wangu. Kisha ardhi ikabadilika sauti. Ndivyo ninavyoweza kulieleza. Ulikuwa unakanyaga udongo, mara ukaanza kukanyaga kitu kinachokwaruza na kulialia kama vigae vya sahani. Nikatazama chini. Vibanzi vyeusi, maelfu, vimelundikana mpaka udongo hauonekani.

Kwenye miteremko ya juu ya Eburru ndiko wafugaji wa kale, wanaoitwa na wanaakiolojia watu wa Elmenteita, walikotoa obsidiani yao. Waliishi eneo hili kuanzia karibu miaka 3,000 iliyopita hadi karibu 1,300 iliyopita. Walikuwa na ng'ombe, mbuzi na kondoo, vyungu vizuri, mabakuli ya mawe, na visu virefu vyembamba vya obsidiani. Walikuwa na vyanzo vingine karibu, hata rahisi kufika kuliko huu wa mlimani. Hata hivyo waliupenda huu, vizazi kwa vizazi, na jiwe la Eburru linapatikana kwenye makazi yao hadi upande wa Mara na kandokando ya Ziwa Victoria huko Nyanza Kusini. Wafugaji wenzao wa wakati huo huo, wenye vyungu vya namna nyingine, walitumia zaidi obsidiani ya huku bondeni Naivasha. Majirani, mifugo ile ile, kila mmoja na timbo lake.

Nilianza kumweleza Baba haya yote. Akaniinulia mkono ninyamaze.

Alikaa chini. Alikaa kama anavyokaa fundi, miguu imenyooshwa na kuachana. Hakugusa kitu kwa muda. Kisha akaanza kunionyesha. Vipande vikubwa vyenye ngozi ya nje iliyokwaruzika viko pale juu, karibu na mwamba, huko walipasulia. Hapa chini vibanzi ni vidogo na havina ngozi, hapa walitengenezea. "Unavua jiwe koti lake timboni," akasema. "Hakuna anayebeba koti." Akaninyooshea kiini kimoja kilichoachwa, kimepigwa mara nne vizuri, mara ya tano kibanzi kimekatika katikati na kuacha ngazi. Baada ya hapo jiwe lile haliendelei. Aliyelipiga alilijua hilo, akaliweka chini. "Na mimi ningeliacha."

Nimesoma makala nyingi kuhusu vibanzi. Sikuwahi kuona mtu akimwelewa mtu mwingine namna hiyo, kati yao kuna miaka 2,000 na hakuna neno hata moja.

Aliokota kimoja, akakiinua kuelekea jua. Katikati kilikuwa cheusi, lakini kwenye ukingo, pale kinapokuwa chembamba, mwanga ulipenya ukageuka kijani cha moshi. Mama naye akainama kutazama. Alisema ameishi na chupa hizi miaka yote na hajawahi kuziinua juani. Baba alipokirudisha pale pale alipokitoa, kidole gumba chake kilikuwa na mstari wa damu, mwembamba kama uzi. Hakuwa amehisi. Ngozi ya kidole kile ina sugu ya miaka 40, tindo limekishindwa, na kibanzi cha mfugaji wa kale kimekikata bila yeye kujua.

Nina neno hapa, na nalisema kwa moyo wote. Mahali hapa hatukuona bango wala ua. Jembe linakaribia kila msimu, na simlaumu mwenye jembe, viazi ndivyo vinavyolipa karo. Sheria ya makumbusho na turathi ya 2006 inalinda vitu vya kale popote vilipo, lakini sheria haikai mlimani. Mlundikano wa vibanzi unaonekana kama takataka, na ndio hasa ulio na habari zote: wapi walikaa, wangapi, walikosea vipi, walibeba nini na kuacha nini. Visu vilivyokamilika viliondoka. Kazi ilibaki hapa. Ukichota kifusi hiki kujaza mashimo ya barabara, au ukiokota vipande vizuri kuwauzia wageni, hakuna atakayeweza kuja kukaa alipokaa Baba leo akasoma alichosoma. Watu wa Eburru wakielezwa, wataulinda mlima wao. Mama aliniuliza maswali mpaka tunaagana, na alipokuwa akitusindikiza niliona anatembea pembeni mwa vibanzi, hakanyagi.

Ametupatia viazi debe zima. Alikataa pesa.

Siku ya tano, Jumamosi

Kariandusi ni kilomita chache kabla ya Elmenteita, ukitoka barabara kuu ya Nakuru. Msafara wa Louis Leakey ulipagundua 1928, ukapachimba kuanzia mwaka uliofuata. Ni mashoka ya mkono tena, ya zamani sana, mengine yanakaribia miaka milioni moja. Mengi ni ya lava kama ya Olorgesailie. Lakini hapa yapo pia ya obsidiani, na nilikuwa nimesubiri siku tano kumwonyesha Baba hayo.

Ni meusi, makubwa, mazito, umbo lile lile la embe. Baba aliona shida haraka kuliko mimi. Kioo cha ukubwa ule kinapasuka kwa hila. Pigo moja la haraka na kazi ya asubuhi nzima imeisha. "Huyu alikuwa na mkono mtulivu," akasema. Na chanzo cha obsidiani hakiko mbali na hapa. Hapo ndipo mambo yalipojipanga kichwani mwangu. Watu wa mashoka walilijua jiwe jeusi tangu zamani hizo, wakalifanyia kazi mahali lilipo. Kulibeba mbali, likapita mikono na mabonde hadi Olorgesailie na Eyasi, kulikuja baadaye sana. Jiwe ni lile lile. Kilichobadilika ni umbali ambao watu walikuwa tayari kutembea, na idadi ya watu waliowajua njiani.

Ukuta wa pili wa bonde hili ni mgodi wa daiatomaiti, weupe unaoumiza macho. Vijana walikuwa wakipakia, wamepakwa unga tangu nywele hadi viatu. Baba alisimama nao nusu saa nzima. Alirudi na unga kwenye kofia, akiwa na taarifa kamili ya malipo, mapumziko na vifaa.

Hyrax Hill, Nakuru, tulifika tumechoka. Mary Leakey alichimba hapa 1937. Nitaandika machache: vishimo vya mchezo wa bao vilivyochongwa kwenye mwamba, mashimo makubwa ya wafugaji wa kale wa Sirikwa walimolaza ng'ombe, makaburi ya wanawake waliozikwa na sahani za mawe na michi yao, na pimbi wanaoota jua juu ya majabali. Ningependa kurudi siku nzima. Baba aliweka vidole kwenye vishimo vya bao kimoja kimoja, akasema mwamba huu ni mgumu, aliyeuchonga alikuwa na siku nyingi za kuchunga.

Tumeanza kurudi nyumbani saa tisa. Tulipofika Gilgil, kando ya barabara, kulikuwa na muuzaji wa mawe ya kujengea, ameyapanga kwa safu. Baba akaniambia nisimamishe gari. Nilimwangalia kwa kioo akivuka, akimsalimu yule kijana, akiokota kokoto. Aliligonga jiwe la kwanza, akainamisha sikio. La pili. La tatu alirudia mara mbili, kisha akalisogeza pembeni kwa mguu. Kijana alikuwa ameacha kuhesabu pesa zake, anamtazama.

Nilishusha kioo. Baba alikuwa anamwuliza yametoka timbo gani, na kijana alikuwa amegeuka, mkono umenyooshwa, anamwonyesha kilima.